HESABU YA VIBOKO: KUMKINGA MWANAFUNZI TANGU CHUONI HATA SHULENI

Katika nyaraka za serikali ya Tanzania zihusuzo nidhamu ya shule limo neno ambalo mwanafunzi wa lugha hana budi kulitazama mara mbili. Kumpiga mtoto wa shule kwa kosa lake huitwa humo "adhabu ya viboko". Ama kiboko kwa asili ni mnyama akaaye mtoni. Kisha likawa jina la mjeledi uliokatwa katika ngozi yake. Kisha likawa jina la pigo moja moja, hata leo twaweza kusema kwamba fulani alipigwa viboko vitatu kwa ufito wa mpera na asiwepo wa kutucheka. Lakini kanuni zile zile zitumiazo jina hilo haziruhusu mjeledi wa ngozi. Zaagiza kijiti chepesi chenye kunyumbuka, wala si kitu kingine chochote. Chombo kimeondoka, jina lake limebaki.

Mabaki ya namna hii katika lugha yana faida kwa mwenye kutafuta historia. Nakusudia katika makala haya kueleza jinsi watu wa nchi zetu walivyojaribu, kwa zama mbalimbali, kumkinga mtoto na madhara ya mkono wa yule yule aliyekabidhiwa amfundishe. Nitafuata jambo moja tu, nalo ni hesabu. Kwa kuwa karibu kila zama zilipotaka kumhurumia mtoto zilimwekea mwalimu idadi ya mapigo asiyoruhusiwa kuizidi. Idadi hizo twazijua. Lililosahauliwa ni kuuliza nani aliyepewa kazi ya kuhesabu.

Kwanza niseme kidogo juu ya maneno, maana yamefanya kazi kubwa katika jambo hili. Adabu na adhabu yametujia kutoka Kiarabu yakiwa maneno mawili yasiyo na udugu. La kwanza huanza kwa alifu na lina dali katikati, na maana yake ni malezi mema, elimu na mwenendo wa kiungwana. La pili huanza kwa ayn na lina dhali, na maana yake ni maumivu na mateso, kama tusemapo adhabu ya kaburi. Mwarabu aliyesoma hawezi kuyachanganya. Kwetu ayn imeyeyuka, na tofauti iliyobaki ni ya d na dh peke yake, nayo wasemaji wengi wa bara hawaitamki. Kweli katika Kiarabu chenyewe kumtia mtu adabu kwaweza kuwa ni kumrudi kwa kumpiga. Lakini katika Kiswahili mambo yamekwenda mbali zaidi, hata mtu akisema "nitamtia adabu" hapana asikiaye humo elimu wala uungwana. Wote husikia fimbo.

Wazee walikuwa na neno jingine, kurudi, yaani kumrejeza mtoto katika njia aliyoiacha, na kwa maoni yangu lilikuwa neno bora, kwa sababu ndani yake mna njia na mna mahali pa kufika. Walikuwa pia na methali isemayo, "Mchelea mwana kulia hulia yeye", ambayo watetezi wa fimbo shuleni huitaja sana. Nawaomba waitazame tena. Fimbo haimo katika methali hiyo. Kilichomo ni kilio, na wenye kulia ni wawili, mtoto au mzazi. Yule amrudiye mtoto ndiye atakayelia asipomrudi. Mwalimu wa watoto mia hayumo katika hesabu hiyo ya machozi. Mtoto akiharibika, atakayelia ni mama yake nyumbani. Kwa hiyo methali ya mzazi ilipopelekwa shuleni ilifika nusu.

Tuje sasa chuoni. Katika miji ya pwani, kabla ya shule za serikali na za misheni, mtoto alipelekwa kwa mwalimu kusoma Kurani. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo ameyaeleza maisha ya chuo katika masimulizi yake ya desturi za Waswahili, yaliyotolewa na Carl Velten mwaka 1903, na wasomaji wa jarida hili wanayajua. Vyombo vya chuo navyo vina majina yake katika kamusi zetu za zamani: bakora, henzerani, mkwaju, na kikoto kilichosukwa. Mzazi alimkabidhi mwalimu mtoto wake kwa maneno ya kumpa mamlaka. Katika nchi nyingi za Kiislamu, toka Misri hata Uturuki, palikuwa na msemo wa kumwambia mwalimu kwamba nyama ya mtoto ni yake na mifupa ni ya wazazi. Wapo wausikiao msemo huo kama ruhusa. Mimi nausikia pia kama mpaka, maana mwenye kusema hivyo anataka mifupa irudi nyumbani mizima.

Mpaka huo wanazuoni walikwisha kuuandika zamani sana. Ibn Sahnun wa Kairouan, aliyefariki mwaka 870, aliandika kitabu kidogo juu ya adabu za waalimu, nacho chahesabiwa kuwa cha kwanza cha namna yake katika Uislamu. Humo alisema kwamba katika kusomesha Kurani mwalimu asizidishe mapigo matatu. Al-Qabisi, aliyefariki mwaka 1012 katika mji ule ule, alilieleza jambo hilo kwa urefu: mwalimu asimpige mtoto naye ana hasira, asimpige kichwani wala usoni, na akitaka kuzidisha matatu na amwombe baba ruhusa. Karne nne baadaye Ibn Khaldun, katika Mukadima yake aliyoiandika mwaka 1377, alitenga mlango mzima kueleza kwamba ukali juu ya wanafunzi huwadhuru, hasa watoto wadogo. Hoja yake si ya huruma tu. Asema kwamba mtoto aliyelelewa kwa mabavu hujifunza uongo na hila ili auepuke mkono ulio juu yake. Kisha uongo ukawa ndiyo tabia yake, na moyo wa kujitetea na kutafuta sifa njema ukamtoka. Akapita kutoka mtoto mmoja akaingia katika mataifa yaliyotawaliwa kwa nguvu, akasema hali yao ni hiyo hiyo.

Hapa yanipasa kuwa mwangalifu. Wanazuoni hao walikuwa watu wa Maghrib na wa madhehebu ya Malik, na waalimu wetu wa pwani ni wafuasi wa Shafi. Sidai kwamba vitabu hivyo vilikuwa juu ya marufaa ya Lamu au Pangani. Nadai jambo dogo zaidi: kwamba mtu asemaye leo kuwa kumhesabia mwalimu mapigo ni fikira ya wageni kutoka Ulaya amekosea kwa miaka elfu moja na zaidi. Tena nataka ionekane kwamba katika hesabu ile ya kwanza yupo mtu wa tatu. Mwalimu akitaka kuzidi matatu lazima aende kwa baba. Kati ya mkono na mtoto pana mlango wa nyumba, nao ulikuwa mtaa ule ule.

Mlango huo uliondolewa na utawala wa Wadachi. Mjeledi wa ngozi ya kiboko ulikuwa umekwisha julikana katika misafara ya biashara. Lakini wao waliufanya kuwa chombo cha serikali. Amri ya Kansela wa Ujerumani ya tarehe 22 Aprili 1896 iliweka sheria za kupiga watu katika makoloni yake ya Afrika: mapigo yasizidi 25 kwa mara moja, awepo Mzungu wa kushuhudia, na daktari akipatikana awepo pia. Wanawake, Waarabu na Wahindi walisamehewa. Vijana wanaume walio chini ya miaka 16 wasipigwe mjeledi bali ufito. Hesabu ya 25 ikaingia katika Kiswahili kwa jina la "hamsa ishirini", na wazee waliozaliwa baada ya Wadachi kuondoka waliendelea kulitaja jina hilo kama kwamba walikuwapo.

Amri ile haikuwa ya shule. Lakini shule za serikali zilizoanza Tanga na miji mingine katika miaka ya 1890 zilikuwa na kazi ya kutoa makarani na maakida, na vijana waliotoka humo wakaenda kufanya kazi katika boma ambapo kiboko kilikuwa kikilia. Hapana haja ya ushahidi mwingi ili kufahamu jinsi mwenendo wa boma ulivyoweza kuingia darasani. Angalia pia jinsi shahidi alivyobadilika. Katika kitabu cha al-Qabisi aombwaye ruhusa ni baba wa mtoto. Katika amri ya 1896 asimamaye kutazama ni mtu wa serikali ile ile ipigayo, naye hakuwekwa pale amsaidie apigwaye, bali ahakikishe kwamba namba haikupita 25.

Waingereza walikuja na hesabu ya sita. Namba hiyo waliitoa katika shule zao wenyewe, ambako mapigo sita ya henzerani yalikuwa mazoea ya siku nyingi na hata yakisimuliwa kwa fahari na watu wazima waliopigwa. Mwaka 1950 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitoa azimio la kutaka adhabu ya kupiga iondolewe katika nchi za udhamini, na Tanganyika ilikuwa mojawapo. Fimbo haikuondoka. Uingereza yenyewe haikuikataza katika shule zake za serikali mpaka sheria ya mwaka 1986, iliyoanza kutumika mwaka 1987, na shule za watu binafsi za England na Wales zilingoja mpaka 1999. Basi nchi zetu zilipopata uhuru zilirithi chombo ambacho mwenye kurithisha alikuwa bado anakitumia kwake.

Twaweza kudhani kwamba serikali za wananchi zingefanya haraka kukitupa. Haikuwa hivyo. Sheria ya Tanganyika ya mwaka 1963 juu ya adhabu za chini iliagiza kwamba wezi na wala rushwa wa namna fulani wapigwe viboko kumi na viwili waingiapo gerezani na kumi na viwili watokapo. Jumla yake ni ishirini na vinne, pungufu ya hamsa ishirini kwa kimoja. Sheria ile ilifutwa mwaka 1972, lakini shuleni fimbo ilibaki.

Kanuni zilizofuata zina jambo la kusifiwa. Zilitungwa na watu waliofahamu hatari. Kanuni za Kenya za mwaka 1972 ziliagiza kwamba mtoto asipigwe illa baada ya uchunguzi kamili. Apigwe na mwalimu mkuu au mbele yake. Awepo shahidi lakini wanafunzi wengine wasiwepo. Fimbo iwe laini na nyepesi, ipige matako, au mkanda usiopungua upana wa inchi moja na nusu upige kiganja. Mapigo yasizidi sita. Na yote yaandikwe. Kanuni za Tanzania za mwaka 1979, zilizotolewa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, zilikuwa na mwendo huo huo: kijiti chepesi, juu ya mkono au matako yaliyovikwa nguo, kwa mkono wa mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na msichana apigwe na mwalimu wa kike kama yupo. Idadi ya juu, iliyokuwa sita, ilipunguzwa hadi minne mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Nimezisoma kanuni hizi mara nyingi, na kila mara nimesimama mahali pamoja, penye daftari. Daftari la adhabu huandikwa jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya mapigo na jina la mwalimu aliyepiga, kisha mkuu wa shule hutia sahihi. Mwenye kuandika ni mwenye kupiga, na mwenye kutia sahihi ni mwenye kumruhusu. Mtoto amekwenda darasani. Baba, ambaye al-Qabisi alitaka aombwe ruhusa, hayumo katika ukurasa huo. Mwalimu apigaye bila kuandika hukuti kosa lake daftarini, kwa kuwa daftari halina neno la mtu mwingine yeyote. Hivyo kinga yote ya mtoto ilitegemea uaminifu wa yule ambaye kanuni zilitungwa kwa sababu ya kutomwamini.

Matokeo yalionekana walipotokea watu kuwauliza watoto wenyewe. Mwaka 1999 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya shule za Kenya iliyojaa maneno ya wanafunzi; na humo ilidhihirika kwamba kanuni za 1972 zilikuwa zikivunjwa kila siku, tena na waalimu wengi ambao hawakuwahi kuziona. Katika Tanzania, uchunguzi wa taifa uliofanywa mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, ambao UNICEF na Chuo Kikuu cha Muhimbili walishiriki, uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24 habari za utoto wao. Kiasi cha nusu yao, wanawake kwa wanaume, walisema kwamba walifanyiwa ukatili wa mwili na mwalimu. Uchunguzi ule haukuwa ukiuliza habari za kijiti chepesi; ulikuwa ukiuliza habari za ngumi, mateke, mijeledi na vitisho vya silaha.

Kenya iliacha kuhesabu mwaka 2001. Tangazo la serikali la mwaka huo lilifuta sehemu ya kanuni za 1972 iliyoruhusu fimbo. Katiba ya 2010 ikatia nguvu katazo hilo. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikamwekea mwenye kulivunja faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au yote mawili. Uganda nayo ilitia katazo katika sheria yake ya watoto kwa marekebisho ya mwaka 2016.

Tangu hapo limesikika Kenya lalamiko ambalo mwanahistoria hapaswi kulipita kimya. Husemwa kwamba fimbo ilipoondoka wanafunzi walianza kuchoma mabweni. Tarehe zalikanusha neno hilo. Wavulana wa St. Kizito katika Meru walivamia bweni la wasichana mwezi Julai 1991, wasichana 19 wakafa na wengi wakanajisiwa, fimbo ilikuwapo. Bweni la Bombolulu, wilaya ya Kwale, liliungua mwezi Machi 1998, wakafa wasichana 26, fimbo ilikuwapo. Viranja wanne wa shule ya sekondari ya Nyeri walichomwa moto katika chumba chao mwaka 1999, fimbo ilikuwapo. Moto wa Kyanguli katika Machakos, ulioua wavulana 67, ulitokea mwezi Machi 2001, mwaka ule ule wa tangazo, na waliokuwa wakilala humo walikuwa wamelelewa na kanuni za 1972 tangu darasa la kwanza. Sisemi kwamba fimbo ndiyo iliyoleta misiba hiyo. Milango iliyofungwa na nondo za madirishani zina sehemu kubwa katika hadithi yake. Nasema kwamba haikuizuia, na asemaye kwamba ingeizuia na alete tarehe nyingine.

Tanzania Bara iliendelea na hesabu ya minne. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza mateso na yasema kwamba marudi yasiyolingana na umri na hali ya mtoto hayana uhalali, lakini haikuifuta fimbo ya shule. Mwezi Agosti 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi katika mkoa wa Kagera alifariki baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma ya wizi, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikamtia hatiani mwalimu huyo kwa kosa la kuua. Mwezi Oktoba 2019 Mkuu wa Mkoa wa Mbeya aliwachapa hadharani wanafunzi 14 wa sekondari, viboko vitatu kila mmoja, baada ya mabweni kuungua. Hesabu hapo ilikuwa ndani ya minne. Lakini kanuni humpa fimbo mkuu wa shule na mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, wala hazimtaji mkuu wa mkoa. Watu wengi walimsifu, na Rais pia. Jambo hili lina mafundisho kwetu sisi wa lugha: kanuni ilikuwa na maneno mengi ya kueleza nani apige, nayo masikioni mwa umma ilikuwa imebaki namba tupu.

Kuna habari moja ya Uganda ambayo nadhani ni muhimu kupita katazo lenyewe. Kati ya mwaka 2012 na 2014 shule za msingi 42 za wilaya ya Luwero zilichunguzwa. Nusu yake zilipewa utaratibu uliotungwa na shirika la Raising Voices, ambao huwaweka waalimu, wanafunzi na wazazi kuzungumza pamoja juu ya mwenendo wa shule na kuwaundia watoto kamati zao. Mwishoni, wanafunzi wa shule hizo walipoulizwa habari za juma lililopita, hatari ya kupigwa na wafanyakazi wa shule ilikuwa imepungua kwa asilimia 42 ikilinganishwa na shule nyingine. Idadi ya mapigo haikuwamo katika utaratibu huo. Aliyerudishwa ndani ni mtu wa tatu, na safari hii mtoto mwenyewe alikuwa mmoja wa mashahidi.

Serikali ya Tanzania nayo, kwa mpango wake wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza mwaka 2017, iliingia katika njia inayokaribiana na hiyo, na shuleni pakaanza kuwekwa madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto, ambapo mwanafunzi aweza kupeleka lalamiko lake. Jina hilo lastahili neno moja. Ulinzi katika masikio ya Mswahili ni kazi ya mlinzi, naye husimama langoni akitazama nje, rungu mkononi, kwa kuwa mwizi hutoka nje. Ningependa zaidi neno hifadhi, lililo na maana ya kumweka mtu ndani ya uangalizi wako. Lakini dawati ni neno zuri. Ni kiti na meza ya mtoto mwenyewe, mahali ambapo siku zote ameketi akiandika maneno ya watu wengine. Na daftari litakalowekwa juu yake, kama litawekwa, litakuwa la kwanza tangu 1896 kuandikwa na upande wa pili wa fimbo.